Jina la Kuzeeka Nalo

Akina mama wa kanisa walipanda mlima wakiimba, na Ciakuthii alizisikia sauti zao kabla ya kuziona leso zao. Aliuacha ufagio pale pale uani, akapangusa mikono kwenye rinda, akaingia jikoni kuuangalia uji kwa mara nyingine. Uji ulikuwa sawa. Aliupika kwa wimbi la akiba, lile alilolificha ndani ya chungu chini ya kitanda mwaka huo mzima wa njaa, huku watu wote wakila mahindi ya manjano ya serikali yaliyonuka gunia. Mara nyingi mwanawe Kaberia alimwuliza, "Mama, hilo wimbi unamwekea nani?" Naye alimjibu, "Namwekea mgeni." Sasa mgeni alikuwa amefika, amelala kando ya mama yake, kichwa kidogo kama parachichi.

"Wenyewe wako?" Nelius, jirani wa ng'ambo ya mto, ndiye aliyetangulia kuingia uani, kiondo cha ndizi mgongoni. "Tumesikia hapa kumezaliwa bibi kizee!"

"Yuko, yuko! Karibuni!"

Kwa watu wa Kanyakine msichana wa kwanza wa mtu ndiye mama yake huyo mtu, amekuja tena. Anapewa jina lake, na aliyetoa jina anaitwa ntagu wa mtoto, mwenye jina, na wawili hao huheshimiana kama watu wa rika moja. Ciakuthii alikuwa mjane mwenye watoto wawili tu. Binti yake Virginia, mwalimu huko Muthara, alizaa wavulana watupu kisha akatangaza kwamba amefunga duka. Jina likabaki kumngojea Kaberia. Na Kaberia hakungoja mtoto azaliwe. Tangu tumbo la mkewe lilipoanza kuonekana alikuwa akiliamkia kila asubuhi: "Mama, umeamkaje? Umelala vizuri?" Ciakuthii aliyasikia hayo akiwa jikoni, akajifanya anapuliza moto.

Wanawake walijaa nyumbani. Nelius alimtoa mtoto kitandani kwa Kagure, mke wa Kaberia, akamleta sebuleni kwenye mwanga, akamfunua shuka usoni.

"Ciakuthii! Ndio wewe? Mbona umekonda hivyo, kwani huko ulikotoka nako kuna njaa?"

Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Vigelegele vikapanda, mtu akaanzisha wimbo, wakamsukuma nyanya katikati. Ciakuthii alikuwa na mguu mmoja uliovimba tangu masika yalipokataa kuja, lakini siku hiyo aliukanyagia bila kuuonea huruma. Aliinua mkono juu, akazunguka.

"Samahani, mama zangu." Sauti ilitoka chumbani, mlango ukiwa wazi. Kagure alikuwa ameketi kitandani, mkono kwenye mshono wa tumbo. "Huyo si Ciakuthii."

Nelius alidhani ni mzaha wa mzazi. "Si Ciakuthii? Basi ni chifu?"

"Ana jina tayari. Anaitwa Kuruthumu."

Wimbo ulikufa mstari kwa mstari, walio nyuma wakimalizia peke yao. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kuru... nani?" Mkono wa Ciakuthii ulikuwa bado uko juu. Aliushusha polepole, kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba akaikuta haijakauka.

Wageni walikumbuka ng'ombe zao. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha maharagwe motoni. Waliaga kwa heshima nyingi mno, wakashuka mlima bila kuimba, na vikombe vikabaki mezani, uji ukifanya ngozi juu.

*

Kaberia alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Aliingia na shoka mkononi, hakujua aliweke wapi.

"Kagure, umefanya nini? Umemwaibisha mama mbele ya kanisa zima."

"Nilitaka kuwaambia jana nilipotoka hospitali. Mkaniambia nipumzike, tutaongea."

"Kuruthumu ni nani?"

"Wewe ulikuwa Kiirua," alisema Kagure. Hakulisema kwa hasira, na hilo lilimuuma Kaberia zaidi. Mwaka huo kahawa ilikuwa imekauka mtini, kwa hivyo alikuwa amekwenda Kiirua kutafuta kibarua cha kuchimba viazi. Ciakuthii naye hangeweza kusimama kwa mguu ule. Ikabidi Kagure mwenyewe, na tumbo lake, aende Meru mjini kupanga foleni ya mahindi.

"Jua lilikuwa kali," Kagure aliendelea. "Watu walisukumana. Nikaona damu inashuka mpaka kwenye viatu. Nikaanguka. Mnajua watu walifanya nini? Walinivuka. Mmoja aliniambia pole huku akinivuka. Hakuna aliyetaka kupoteza nafasi yake, na siwalaumu, hata mimi ningefikiria watoto wangu. Sasa huyo mama, Kuruthumu, alikuwa mbele kabisa. Amebakiza kidogo afike dirishani. Alitoka kwenye foleni na gunia lake tupu, akaja akaketi chini, akanilaza kichwa mapajani."

Alikuwa mwanamke wa mtaa wa Majengo, Mwislamu, anayekaanga maandazi kando ya bucha ya ndugu yake Suleiman. Alimwita Suleiman alete mkokoteni wa nyama. Walimlaza Kagure pale nyama inapolazwa, wakamsukuma mpaka hospitalini, Suleiman mbele, yule mama nyuma, akipiga kelele watu wapishe njia. Daktari aliposema itafutwe damu, Suleiman alikunja mkono wa shati.

"Nikaona naenda," Kagure alisema. "Nilikuwa naenda kweli. Nikamshika leso, nikamwambia, akiwa msichana, ni wewe."

"Naye akasemaje?" Ciakuthii aliuliza.

"Aliniambia ninyamaze, nisipoteze nguvu."

Kaberia aliliweka shoka chini ya meza. "Mtu akiwa na uchungu husema mengi."

"Ndiyo. Mimi nilisema hilo moja."

"Tutamshukuru kwa njia nyingine. Tutampelekea ndizi."

"Ndizi."

"Na kuku."

Kagure alimtazama mumewe, kisha akamtazama mama mkwe wake, na hapo macho yake yakalegea kidogo. "Mama, najua nimekunyang'anya. Na hakuna wa pili, walinitoa kizazi, unajua. Lakini mtoto huyu akiitwa jina lingine, nikipata nguvu za kutembea nitarudi naye kwetu Embu. Simtishi mtu. Nasema tu, msije mkasema sikusema."

Ciakuthii alikusanya vikombe. Habari ya kizazi alikuwa ameambiwa hospitalini, akaitikia na kusema Mungu asifiwe maadamu mama na mtoto ni wazima. Ni sasa tu, akimwaga uji kwenye bakuli la mbwa, ndipo alipoelewa kwamba hakuna Ciakuthii mwingine atakayezaliwa.

*

Virginia alifika kutoka Muthara na kopo la mafuta ya kupikia na mfuko wa sukari, na kabla hajaketi alikuwa ameshaambiwa yote njiani.

"Kuruthumu? Jamani! Mtoto ataenda shule na hilo jina? Kama Ciakuthii limekataa na Kuruthumu haliwezekani, si mchague kitu kinachosikika? Brenda. Sharon. Darasani kwangu nina akina Sharon wanne, wasafi, wanang'aa."

Ciakuthii alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe. Kilima chote kilijua kwamba huyu mama alikuwa na namna yake ya kupima jina. Ukimletea jina, hakuuliza maana yake wala limetoka wapi. Alishuka nalo shamba la chini mtoni, akaliita kwa nguvu kama anavyoitwa mtoto aliyesahau kurudi nyumbani. Halafu aliliita kwa sauti ya nesi aliyechoka, akiita mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Mwisho alilisema polepole, akiwa ameinamisha kichwa, kama linavyosemwa kando ya kaburi. Jina likivunjika mahali pamoja, alikwambia utafute lingine. Nelius hakumsikiza. Alimwita kifungua mimba wake Boi, kwa sababu alikuwa mtoto mzuri wa mashavu, na sasa Boi alikuwa na kipara na wakwe wawili, na bado ni Boi.

"Sharon ni mtoto," Ciakuthii alisema. "Namwona. Ana viatu vyeupe. Sasa nionyeshe Sharon ambaye hana meno."

"Mama, nawe!"

"Nionyeshe. Ameshika mkongojo, anaita kuku."

Virginia alicheka kwa kulazimika. Kaberia, aliyekuwa ameegemea mlango, hakucheka.

"Na hilo Kuruthumu umelipima?" Virginia aliuliza.

"La."

"Kwa nini?"

Ciakuthii alilitupa jiwe nje ya mlango. "Nina kazi nyingi."

Mchana huo huo Ednah, mwanamke anayepeleka ndizi kuuza Meru, alipita na ujumbe. "Yule mama wa Majengo ameniuliza njia ya huku. Anasema anakuja siku ya soko. Ananiuliza mtoto ana kichwa kikubwa kiasi gani, kuna kitu anamfumia." Alisimama akingoja achekewe, akaona nyuso zao, akaendelea na safari yake.

Ednah alipopotea kwenye kona, Kaberia alizungumza haraka, kama mtu aliyekwisha kukariri. "Nitamngojea hapo langoni. Nitampa mkungu wa ndizi, ule mkubwa, na jogoo, nimwambie mtoto alishapewa jina kanisani. Atashukuru, ataenda."

"Utamdanganya?" Virginia aliuliza.

"Nitamwondolea aibu. Yeye na sisi." Kisha akamgeukia mama yake, sauti ikashuka. "Mama, kila nikimwita mtoto jina hilo, litaniuliza nilikuwa wapi. Kila siku. Mpaka nife."

Ciakuthii hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na Kaberia alikichukua kimya hicho akaenda nacho.

*

Kesho yake Ciakuthii alishuka mtoni kukata majani ya ng'ombe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alipofika chini aliweka panga, akatazama huku na huku. Ng'ambo, juu kidogo ya njia inayokwenda barabarani, shamba la Nelius lilikuwa tupu, au alidhani ni tupu.

Alianza na lake mwenyewe. "Ciakuthii-i!"

Liliondoka vizuri, likapanda mteremko wa pili, likarudi. Hakuna aliyegeuka. Nani angegeuka? Walioliita wakimtaka yeye walikuwa wamezikwa. Kwa watu alikuwa Mama Kaberia, kwa watoto alikuwa nyanya. Nikienda, aliwaza, limekwenda.

Halafu alivuta pumzi. Tusimsingizie wema asiokuwa nao: alitaka livunjike. Alitaka jina lile likwame kooni kama mfupa, apande nyumbani aseme kwa moyo mweupe, nimelipima, halifai, na kila mtu amheshimu kwa kulipima.

"Kuruthumu-u!"

Halikukwama. Lilianzia chini kifuani, likajikunja kidogo katikati, likatoka mdomoni likiwa limenyooka, likavuka maji. Hata ndege kwenye migomba walinyamaza. Na pale ng'ambo, katikati ya maharagwe yaliyokauka, mtu aliyekuwa ameinama akasimama wima.

"U-u-u! Mama Kaberia! Ni nani huyo unamwita?"

Nelius. Ciakuthii alichuchumaa kwenye majani kama mwizi wa miwa. Alisubiri mpaka jirani yake alipochoka kutazama. Kisha, akiwa bado amechuchumaa, alilisema kwa sauti ya nesi: "Kuruthumu. Kuruthumu yuko?" Likapita. Akainamisha kichwa: "Tumekusanyika hapa kumzika mama yetu Kuruthumu." Hapo nako likapita. Lilikuwa jina la mtu mzima, pana, ambalo mtoto angeingia ndani yake akakua bila kulipasua.

Alikata majani kwa hasira, mengi kuliko ng'ombe mmoja anavyoweza kula.

*

Nelius hakuwahi kukaa na neno mpaka likapoa. Kufikia siku iliyofuata mzee wa kanisa, Mbaka, alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni kwa Ciakuthii, kofia gotini.

"Mama Kaberia, watu wanasema unaita Waislamu mtoni."

"Nilikuwa nakata majani, mzee."

"Sikuja kugombana. Wewe ndiwe mwenyekiti wa akina mama. Kiti chako ni kile cha mbele. Mtoto akiletwa kubatizwa kwa jina hilo, nani atalitamka pale mbele? Si mimi. Na wewe utakaa pale mbele namna gani?"

"Mzee, Ciakuthii liko kitabu gani cha Biblia?"

Mbaka alikohoa. "Hilo ni la kwetu."

"Na damu iliyo ndani ya mama wa mtoto sasa hivi? Iliyomwamsha? Hiyo ni ya kwetu, au tumrudishie mwenyewe na chupa?"

Maneno hayo yalimshangaza aliyeyasema kuliko aliyeambiwa. Mbaka alizungusha kofia yake gotini, na aliposema tena hakuwa mzee wa kanisa, alikuwa mtu aliyecheza naye utotoni.

"Mimi sikuja kwa ajili ya kanisa peke yake. Nimekuja kwa ajili yako. Hapa katika nyumba hii wote wana mahali pa kurudi kwa majina yao isipokuwa wewe. Ukishaondoka, nani atasema Ciakuthii kwenye kilima hiki?"

Ciakuthii alimwongezea chai mpaka ikafurika kwenye sahani. Mbaka akainywa kutoka sahanini.

*

Siku ya soko Kaberia alishinda langoni tangu umande. Mkungu wa ndizi ulikuwa umelazwa kwenye majani ya mgomba, jogoo amefungwa miguu kando yake. Virginia alikuwa amerudi Muthara kufundisha. Ndani, Kagure alikuwa amevaa rinda la safari. Kiondo chake kilikuwa kando ya mlango, kimejaa nguo, na hakukificha. Ciakuthii alimchukua mtoto, akasema anampeleka juani, akaenda kusimama nyuma ya ua wa mikaratusi, pale mtu anaposikia bila kuonekana.

Mgeni alipanda kutoka mtoni akipumua kwa kinywa. Alikuwa mzee kuliko Ciakuthii alivyomfikiria, na mfupi, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, ngozi ya mikono imejaa madoa ya mafuta ya moto.

"Hodi wenyewe. Hapa ndipo kwa Kagure?"

"Ndipo, bibi. Mimi ni mumewe."

"Ah, baba mtoto!" Uso wa mwanamke ulifunguka wote. "Ulirudi salama kutoka Kiirua?"

Kaberia alitazama jogoo. "Nilirudi."

"Alhamdulillahi. Mke wako alikuita sana siku ile, maskini. Kaberia, Kaberia. Nikamwambia anakuja, yuko njiani. Nilikuwa simjui hata huyo Kaberia ni nani!" Akacheka, akajipepea kwa ncha ya leso.

Yale maneno aliyoyakariri Kaberia yalimtoka yakiwa vipande. "Bibi, sisi... tumekuwekea hii. Ni shukrani. Ndizi ni za hapa nyumbani. Kwa sababu mtoto, mambo ya jina, unajua kanisani..."

Kuruthumu alitazama mkungu. Alikuwa amefanya biashara maisha yake yote, na alijua mtu anayetoa zawadi na mtu anayetaja bei. Kicheko kilimwondoka taratibu, lakini hakununa.

"Naona," alisema. "Umejisumbua bure, mwanangu. Mimi sikuja kudai. Mwanamke akiwa pale alipokuwa mke wako husema lolote, na mimi nilimsamehe kabla hajamaliza kusema. Mama yangu mzazi alikuwa Mmeru kama nyinyi. Najua msichana wa kwanza ni wa nani. Ni wa mama yako." Alifungua mfuko, akatoa kofia ya sufu ya manjano. "Nimwone tu. Nimvishe hii, niende zangu. Nimeifuma kubwa ili imfae siku nyingi."

Nyuma ya ua Ciakuthii alimpakata mtoto vizuri. Basi lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyedanganywa, hakuna aliyelaani. Kagure mwenyewe, akisikia haya, angekirudisha kiondo chake ndani. Kilichobaki ni yeye kunyamaza kidogo tu, kama alivyonyamaza wiki nzima, na jina lake lingemrudia mikononi likiwa limefungwa shuka, lenye joto.

Mtoto alipiga chafya. Kuruthumu akageuka.

Ciakuthii alitoka nyuma ya ua, mguu mbovu ukiburuta. Hawakusalimiana. Wanawake hao wawili walitazamana kwanza nyuso, kisha mikono.

"Wewe jina lako ulipewa na nani?" Ciakuthii aliuliza.

"Mimi? Ni la mama wa baba yangu."

"Na baada yako?"

"Baada yangu?" Kuruthumu alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari ya shamba alilokwisha kuuza. "Suleiman ana wavulana. Mimi Mungu hakunipa. Nikienda, limekwenda."

Jogoo alipiga mabawa kwenye majani ya mgomba.

"Mama," Kaberia akasema, "amesema hadai. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Ndio maana."

Alitembea mpaka ukingoni mwa uwanja, pale mteremko unapoanzia, akamhamishia mtoto begani. Ng'ambo, Nelius alikuwa akianika maganda ya maharagwe, mgongo umegeuka, masikio hayakugeuka.

"Nelius! Nelius-ee!"

"Ee-e!"

"Siku ile uliniuliza ni nani ninamwita!"

"Ee-e! Ni nani?"

"Ni mjukuu wangu! Anaitwa Kuruthumu!"

Maneno yalivuka mto yote, hakuna lililoangukia majini. Nelius alibaki na ganda mkononi. Kwenye kilima kile jambo likishaitwa hivyo, mto ukiwa katikati na watu wakisikia, hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma kinachoweza kulirudisha. Ciakuthii alilijua hilo. Akaketi kwenye gogo.

"Njoo umchukue," alimwambia mgeni. "Ni wewe."

Kuruthumu hakuja upesi. Alipangusa mikono kwenye leso, akaipangusa tena, kama mtu anayeogopa kuacha mafuta. Alipompokea mtoto na kumvisha kofia, ilishuka ikafunika macho na pua, na mtoto akaendelea kulala humo ndani. Kutoka mlangoni Kagure, aliyekuwa ameshikilia nguzo, aliinama kwa shida, akashika kiondo chake kwa mkanda, akakivuta ndani.

Wimbi lilikuwa limebaki kiasi cha sufuria moja. Ciakuthii alilipika lote. Walikunywa watatu, mama mzazi na wazee wawili, na Kuruthumu akasifu uji akaomba kikombe cha pili, akapewa. Kaberia alikuwa nje bado. Baada ya muda aliingia, akapiga magoti kando ya mgeni wao, akamtazama mtoto aliyeko mapajani mwake. Midomo yake ilijaribu neno alilolizoea, ikaliacha.

"Kuruthumu," alisema. Akaipandisha kofia kwenye paji la uso la mtoto, akaanza tena. "Kuruthumu. Umeamkaje? Mimi ni baba yako. Nilikuwa Kiirua."

*

Jua lilipoanza kulegea Kuruthumu aliaga. Ndizi alikubali chane moja tu, ya Suleiman. Jogoo alimfungua kamba mwenyewe. Ciakuthii alimsindikiza mpaka pale mguu wake ulipokataa, mwanzo wa mteremko.

"Hapa wote wanakuita Mama Kaberia," Kuruthumu alisema. "Jina lako hasa ni lipi?"

"Ciakuthii."

Kuruthumu alilirudia, akalikosea, akarekebishwa, akalirudia. Kisha akateremka akilisema peke yake kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetumwa dukani.

Ciakuthii alibaki amesimama. Aliwaza Jumapili, na benchi la mbele, na nani angelikalia. Aliwaza Virginia atakavyopiga makofi na kusema, mama, nawe! Chini, leso ilivuka maji, ikaanza kupanda njia ya upande wa pili. Ilipofika juu, karibu na maharagwe ya Nelius, ilisimama ikageuka.

"Ciakuthii-i!"

Lilipanda polepole. Lilipita juu ya migomba, likapita juu ya majani ya ng'ombe, likafika pale alipo likiwa zima, halina ufa. Aliinamisha kichwa akalisikiliza mpaka likaisha, kwa namna yake ile ya kupima, hata akasahau kwamba ni yeye anayeitwa.

Likaja tena. Na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuliitikia, aliweka mikono mdomoni.

"Niko!" alijibu. "Niko!"